Huna bima, jino linauma: si lazima ling'olewe

Hapa Mbeya wengi huamini kuwa asiye na bima binafsi, jino likiuma, dawa ni kuling'oa tu. Ndiyo maana unamkuta mama sokoni Mwanjelwa amefunga khanga shavuni, karafuu kwenye jino, wiki ya pili sasa. Inaumiza kumtazama. Hospitali za serikali, za wilaya na mkoa, huwa na kitengo cha kinywa na meno, na jino lililotoboka likiwahiwa huzibwa. Sera ya msamaha wa gharama inawagusa watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Wengine wasiojiweza huonana na afisa ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Bei ulizia dirishani kabla hujaketi kwenye kiti.