Je, wajua kwa nini wanawake wa Kibengali huvaa sari nyeupe yenye pindo jekundu?

Kama umewahi kuangalia video za Durga Puja, ile sikukuu ya Wahindu wa Kibengali, kule Kolkata nchini India, umeshaiona hii kitu, wanawake kibao wamejazana mbele ya sanamu ya mungu wao Durga, wote sari nyeupe pindo jekundu, mashavu yamepakwa unga mwekundu, wanacheka kwelikweli. Unaweza dhani walikaa kikao wakakubaliana yunifomu. Hakuna kikao. Ile sari inaitwa lal paar na kwa Wabengali wa dini ya Kihindu kila mtu anajua inasema nini: huyu ni mke wa mtu na mumewe yupo hai.

Wekundu ndio wenye kazi hapo. Mwanamke wa Kihindu akiolewa anapakwa sindur, ule unga mwekundu, kwenye njia ya nywele, alafu Wabengali wanaongezea bangili nyekundu na nyeupe mikononi, ile nyeupe inachongwa kwenye kombe la baharini. Pindo jekundu linaendana na hayo yote. Kwenye ibada wenye uwezo wanatoa garad, yaani sari ya hariri ya Murshidabad ambayo haijatiwa rangi, imebaki na weupe wake wa asili, nyeupe ya maziwa hivi, pindo tu ndio jekundu. Siku ya mwisho ya Durga Puja, kabla sanamu haijaenda kuzamishwa mtoni, wake za watu wanampaka Durga sindur usoni na miguuni kisha wanageukiana wao kwa wao, ndio huo mchezo unaouona kwenye video. Na kwenye kitambaa cheupe kila tone la sindur linaonekana, kwa hiyo mtu anarudi nyumbani kapambwa hadi mgongoni.

Ila usichanganye, bibi harusi mwenyewe havai hiyo. Siku ya ndoa ni sari nyekundu ya Banaras, mji wa India unaosifika kwa hariri, yenye nyuzi za dhahabu, hii nyeupe na nyekundu inakuja baadaye, akishakuwa wa nyumbani.

Sasa upande wa pili wa hadithi hauchekeshi. Ukiondoa lile pindo jekundu ukabakiwa na kitambaa cheupe kitupu, hiyo ni sari ya mjane, wanaiita than. Zamani, hasa kwenye familia za tabaka la juu, mume akifa mwanamke anavunjwa bangili, anafutwa sindur, ananyimwa samaki (Mbengali kunyimwa samaki ni adhabu kubwa msione mchezo), anavalishwa than mpaka kufa kwake. Na wengi walikuwa watoto, msichana anaozeshwa ana miaka minane au kumi kwa mzee, mzee anakufa, binti anabaki kwenye weupe maisha yake yote. Yaani mtu anaiona nguo yako tu kwa mbali anajua asikualike harusini kwa sababu unaleta mkosi.

Ishwar Chandra Vidyasagar, msomi wa Kolkata wa tabaka la juu la Brahmani, aliamua kupambana na hilo, akapekua maandiko yao wenyewe ya dini akaonesha kuwa mjane anaruhusiwa kuolewa tena, na mwaka 1856 sheria ikapitishwa. Wakubwa wengi wakamchukia. Lakini kuna mji wa wafumaji unaitwa Shantipur, wilaya ya Nadia, na wale wafumaji wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko yote kwenye habari hii: wakafuma kwenye mapindo ya sari maneno ya wimbo wa kumuombea Vidyasagar aishi milele. Sisi watu wa kanga hapo hatuhitaji hata kuelezwa, si unajua jinsi mtu anavyokupitia mbele na jina la kanga na wewe unabaki na majibu yako moyoni. Wanawake wa Bengal wakatembea na siasa kwenye pindo.

Wajane wa leo hasa mjini wengi wanavaa rangi, japo wazee wengine bado utawakuta na weupe, na ule mchezo wa sindur miaka ya karibuni kuna sehemu wajane nao wanakaribishwa, ingawa wapo wanaonuna.

Vuka mpaka sasa uende Bangladesh, kwa Wabengali ambao wengi ni Waislamu, utashangaa. Tarehe 14 Aprili, mwaka mpya wa Kibengali, Dhaka nzima ni nyeupe na nyekundu, mwanafunzi wa chuo ambaye hajaolewa kavaa, bibi yake kavaa, hakuna anayeuliza habari za mume. Hapa maana imehama kabisa. Enzi hizo nchi ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, watawala walikuwa wanaubana utamaduni wa Kibengali, hadi nyimbo za mshairi wa Kibengali Tagore zikawa tatizo redioni, ndipo mwaka 1967 kikundi cha muziki cha Chhayanaut kikaanza kuukaribisha mwaka mpya kwa nyimbo alfajiri kwenye bustani ya Ramna. Kuvaa sari na kuweka maua kwenye nywele ukawa ndio msimamo wenyewe, sisi ni Wabengali basi. Uhuru wakaupata 1971 na mavazi yakabaki.

Kuna jambo dogo la ufungaji nalo. Ule mtindo wa zamani wa Kibengali hauna yale marinda ya kukunja mbele, sari inazungushwa kwa mikunjo mipana alafu ncha inapita bega la kushoto, inazunguka nyuma na kurudi mbele chini ya mkono wa kulia. Kwenye ncha hiyo mama mwenye nyumba anafunga kichala cha funguo za stoo na makabati, uzito wake unaizuia sari isiteleze, na kila mtu humo ndani anasikia nani ndio bosi. Mama mkwe akikabidhi funguo kwa mke wa mwanawe ujue madaraka yamehama.

Na pindo moja la Kibengali mmeshaliona huku kwetu. Mwaka 1948 Mama Teresa alipotoka kwenye konventi yake Kolkata kwenda kuishi na maskini, aliacha joho akachukua sari nyeupe ya pamba ya bei ya chini yenye mistari ya bluu, nguo za aina waliyovaa wanawake wa hali ya chini mjini pale. Masista wake wakafika Tanzania mwaka 1968, na mpaka leo sari zao zinafumwa Titagarh, karibu na Kolkata, kwenye kituo ambacho wafumaji ni watu waliougua ukoma.