Mizizi ya vitenzi vya Kisanskriti haikuwa lugha ya kale

Wengi huamini kwamba Wahindi wa kale walizungumza kwa mizizi mitupu kama kṛ ("fanya") na gam ("enda"), kisha vitenzi vikachipuka humo. Sivyo. Watu walitamka maneno kamili, kama sisi tusivyosema "fany" na kuishia hapo. Mizizi ilitokana na uchambuzi wa wanasarufi.

Tazama kṛ. Karoti ni "anafanya", cakāra "alifanya", kārayati "anafanyisha", cikīrṣati "anataka kufanya". Tena kuna nomino karman, "tendo". Wanasarufi waliyalinganisha maumbo hayo wakatoa kiini kinachoyaunganisha. Ni kazi ya akili inayostahili heshima kubwa.

Dhātupāṭha, orodha inayoambatana na sarufi ya Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, ina mizizi ipatayo 2,000, ila zaidi ya nusu haina ushahidi wa matumizi katika maandishi.

Kinachonivutia zaidi ni kitenzi cha kuona. Paśyati, "anaona", huwekwa chini ya mzizi dṛś pamoja na dadarśa, "aliona". Kihistoria hivyo ni vitenzi viwili tofauti: paśyati ni ndugu wa specio ya Kilatini, dadarśa ni ndugu wa dedorka ya Kigiriki.