Kurithi APOE4 si kurithi Alzheimer

Mzazi akiugua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu polepole, watoto huanza kusema, "Na sisi tumeshaandikiwa." Hapana. Aina ya jeni iitwayo APOE4, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1993, huongeza uwezekano tu. Wengi wenye nakala moja hawaugui kamwe, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa.

Linaloniuma zaidi ni vijana kuambiwa ubongo wao umeshaharibika. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, watu wa miaka 20 hadi 35. Kwa wenye APOE4, hipokampasi, sehemu inayosaidia kujenga kumbukumbu, ilichangamka zaidi. Lakini kwenye jaribio la kumbukumbu walifanya sawa na wenzao. Hiyo ni tofauti, si ugonjwa. Shinikizo la juu la damu nalo huongeza hatari ya Alzheimer, na hilo hupimwa hata zahanati.