Nta ya hifadhi ni nini, na skii hukaaje nyumbani bila kuharibika

Nta ya hifadhi ni tabaka nene la nta laini linaloyeyushiwa chini ya skii (zile bao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kutelezea kwenye theluji) msimu wa theluji unapokwisha, kisha likaachwa hapo bila kukwanguliwa hadi msimu mwingine. Maneno ya kushika ni hayo: bila kukwanguliwa. Nta ya kutelezea hupakwa, hupoa, hukwanguliwa na kupigwa brashi mpaka ubaki utando usioonekana. Hii ya hifadhi hubaki nene, ina mawimbi, wala haipendezi machoni, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Kazi yake si kuteleza bali kufunika.

Kujua inafunika nini, igeuze skii. Utaona soli, yaani uso wa chini, ambao ni bamba jembamba la plastiki ya polietilini. Kandokando ya bamba hilo zimepachikwa kingo mbili za feleji, ndizo zinazouma barafu wakati wa kukata kona. Ndani, pasipoonekana, kuna tabaka za faibaglasi, pengine na bamba la aluminiamu, zimekizunguka kiini ambacho mara nyingi ni cha mbao, na vyote vimeshikamanishwa kwa gundi ya epoksi. Feleji ya kingo si ile ya vijiko isiyoshika kutu. Ni feleji ya kaboni: hunoleka vizuri, hustahimili mawe, lakini maji haiyawezi. Tone la maji ya chumvi lililojificha chini ya breki ya kifungio, yaani kile kinachoshikilia buti kwenye skii, linatosha kuacha doa la rangi ya chungwa kwa siku chache tu. Likikaa miezi sita, doa huchimba vishimo, na kishimo hakitoki mpaka ukingo wote uliokizunguka upigwe tupa hadi kufikia kina chake. Ukingo wenyewe ni chuma cha takriban milimita 2, hauna cha kupotezwa.

Kuhusu soli, utasikia sana kwamba bila nta "hukauka". Neno hilo linapotosha kidogo. Polietilini haina maji ndani yake ya kukauka. Weupe unaouona karibu na kingo ni vinyweleo vya plastiki vilivyochunwa na barafu, mahali ambapo nta imekwisha kuliwa. Hata hivyo nta ina faida kwenye soli pia, hasa soli iliyotengenezwa kwa unga wa plastiki ulioshindiliwa kwa joto, maana hiyo hunywa nta na hukaa nayo. Ikiachwa kavu kwa miezi, huokota vumbi na mafuta ya hewani, na msimu ukianza itadai kuoshwa kabla haijakubali nta mpya. Soli ya bei nafuu, iliyoyeyushwa na kusukumwa kama bomba, hunywa kidogo sana. Kwa skii za aina hiyo, nta ya hifadhi ni ya kulinda kingo kuliko kitu kingine.

Nta isipakwe juu ya uchafu. Kwanza skii zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, hasa kama zilisafiri juu ya paa la gari kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi. Mashine ya kuoshea kwa maji ya kasi isitumike: hufukuza grisi iliyomo ndani ya vifungio na kusukumia maji kwenye matundu ya skrubu, ambako kiini cha mbao huyanywa na kuvimba. Zikishaoshwa zifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha zisubiri ndani ya chumba saa mbili tatu na zifutwe tena. Kufuta mara ya pili ndiko wengi wanakoruka. Skii iliyotoka kwenye baridi hutoa jasho ikiingia kwenye joto la nyumba, kama chupa iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo huja baada ya wewe kufuta na kuondoka.

Kutu kidogo huondolewa kwa kipande cha mpira mgumu wa kusugulia au jiwe la almasi, ukivuta kwa kufuata urefu wa ukingo. Kama soli ina mkwaruzo wa kina unaoonyesha mbao au faibaglasi, uzibwe sasa. Plastiki ya kuzibia haishiki juu ya nta, kwa hiyo anayepaka nta kwanza na kuahirisha uzibaji atakuja kusafisha upya sehemu ile yote.

Sasa pasi. Nta iwe laini, ile inayouzwa kwa ajili ya theluji ya joto, kwa sababu huyeyuka kwenye joto la chini na hujipenyeza kwa urahisi. Pasi ya karibu nyuzi 120 za Selsiasi huwatosha wengi, ingawa namba iliyochapwa kwenye pakiti ya nta ndiyo ya kufuatwa. Usalama hapa ni finyu: polietilini yenyewe huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 130. Nta ikifuka moshi, pasi imepita kiasi. Pasi ya nguo inaweza kufanya kazi, lakini joto lake hupanda na kushuka, matundu ya mvuke hujaa nta, na haitarudi kwenye mashati tena.

Zuia breki kwa mpira wa kufungia ili zisikuzuie mkono. Gusisha nta kwenye pasi na uidondoshe kwa mistari miwili, mmoja kila upande, matone yakiachana sentimita 2 hivi, yaani karibu zaidi kuliko kwa nta ya kawaida. Kisha vuta pasi kutoka ncha ya mbele hadi mkiani kwa mwendo mmoja usiosita. Angalia nyuma ya pasi: nta ibaki majimaji kwa urefu wa sentimita 5 hadi 10 kabla ya kufifia na kuganda. Mstari huo wa majimaji ukiwa mrefu zaidi, unakwenda polepole mno na joto linazama kwenye gundi. Weka kiganja upande wa juu wa skii. Uvuguvugu ni sawa, moto si sawa. Pasi ikisimama mahali pamoja hata kwa sekunde chache, soli huungua na kuwa ngumu, na hapo hapanywi nta tena.

Nta ipite kingo na kumwagikia ubavuni. Kila mahali feleji inapong'aa bado pako wazi, kwa hiyo rudia hapo kwa tone la ziada. Skii ikipoa, iache hivyo hivyo, na uvue mpira wa breki. Springi ya breki haifai kubanwa miezi mizima.

Skii za nyika, zile za kutembelea kwenye ardhi tambarare, zina sharti lao. Nta ya kunata iliyopakwa katikati, chini ya mguu, iondolewe yote kabla ya kuhifadhi, na skii zenye magamba katikati zisipitishwe pasi juu ya magamba hayo: joto huyalainisha na kuyafuta. Ngozi za kupandia mlima, yaani vitambaa vya kunata vinavyobandikwa chini ya skii, zibanduliwe, zikauke, zikunjwe na wavu wake katikati, zikae mahali pa baridi ili gundi yake isihamie pasipotakiwa.

Mahali pa kuziweka pawe pakavu, pa ubaridi wa wastani, penye kiza, na pasipobadilika joto mara kwa mara. Chumba cha ndani au kabati hufaa. Chini ya paa hapafai, maana jua la kiangazi hupageuza tanuri. Shida ya joto si moja. Epoksi hulegea, na papo hapo tabaka zinavutana: polietilini hutanuka mara kumi na zaidi ya feleji kwa joto lile lile. Joto likipanda mchana na kushuka usiku kwa wiki nyingi, gundi iliyo katikati ndiyo inayochoka, na dalili ya kwanza ni ubavu kufunguka mdomo karibu na ncha au mkia. Kando ya boila na hita ni hivyo hivyo. Sakafu tupu ya saruji nayo hupitisha unyevu kwenda juu, kwa hiyo mikia ikisimama hapo iwekewe kipande cha ubao au zulia.

Mfuko wa kusafiria si kabati. Ukifunga zipu juu ya skii yenye unyevu umeifungia ndani mvuke wake. Kama lazima zikae mfukoni, ziwe kavu kabisa na zipu ibaki wazi.

Zisimame, zilale au zining'inie? Vyote vinakubalika ikiwa skii haisukumwi na kitu. Kinacholindwa ni upinde, yaani ule mbinuko wa katikati unaouona skii ikilazwa mezani: kwa nyingi ncha na mkia hugusa, katikati hupaa kidogo. Upinde ndio unaosambaza uzito wako kwenye urefu wote wa ukingo. Ukiweka skii mbili soli kwa soli na kuzikaza kwa mkanda katikati mpaka ziungane, unaubana upinde huo usiku na mchana kwa nusu mwaka. Skii imara huenda isionyeshe kitu, lakini hakuna sababu ya kuijaribu. Kila moja ikae peke yake, hasa ikiwa na nta nene inayonasa kwa mwenzake. Zikilazimika kukaa pamoja, mikanda iwe miwili, mmoja karibu na ncha na mwingine karibu na mkia, imelegea. Juu yake pasiwekwe masanduku.

Je, springi za vifungio zilegezwe? Ubishi huu hauishi. Springi iliyo ndani ya kipimo chake haichoki kwa kukaa, ilhali anayeilegeza anaweza kusahau kuirudisha, na kifungio kilicholegea humwachia mtelezaji katikati ya mteremko. Tunapendelea ziachwe zilivyo. Anayelegeza aandike namba zote nne za ukazo wa springi, mbele na nyuma kwa kila skii, na azibandike juu ya skii yenyewe.

Buti zina adui mwingine. Kitambaa cha ndani kitolewe, kikaushwe kwa joto la kawaida la chumba, kirudishwe, kisha bizimu zifungwe kwa kulegea, kiasi cha ganda la plastiki la nje kushika umbo. Buti likiachwa wazi ganda hutanuka, na kulifunga msimu ujao huwa mieleka. Panya nao hupenda kujenga ndani ya buti kavu lenye sufi, kwa hiyo ziba mdomo wake.

Theluji ikirudi, anza na kingo: kwangua nta ya ubavuni kwa pembe ya kikwangulio cha plastiki, halafu soli kutoka mbele kwenda nyuma, skii ikiwa na joto la chumba. Nta iliyo baridi huvunjika vipande na kuruka. Ya uvuguvugu hutoka kama utepe. Piga brashi, paka nta ya theluji iliyopo, kisha wapelekee mafundi vifungio wavipime pamoja na buti zako.