Nini maana ya kumpinga mbunge kwenye mchujo wa chama?

Marekani, kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, kwa kawaida kila chama hupata wagombea wake kwa kura za mchujo. Mbunge aliye madarakani naye hapiti hivi hivi. Mwenzake wa chama kimoja anaweza kuchukua fomu na kumkabili. Hatukusudii hapa ule mchujo wa kawaida wa kugombea nafasi. Tunazungumzia pale mpinzani anapodai kwamba mbunge ni vuguvugu: anapatana mno na upande wa pili na hashiki itikadi ya chama barabara. Warepublican wana jina la kejeli kwa mtu wa namna hiyo, "Mrepublican wa jina tu".

Tanzania, matokeo ya kura za maoni za CCM hupelekwa kwenye vikao vya juu, na aliyeongoza anaweza kukatwa. Marekani, wakubwa wa chama hawana kalamu hiyo. Anayeshinda mchujo ndiye mgombea, wapende wasipende.

Nguvu ya silaha hii inatokana na hesabu. Majimbo mengi ya uchaguzi yameshaelemea chama kimoja, kwa hiyo ushindani wa kweli uko kwenye mchujo, na huko wanaojitokeza ni wachache, tena wale wenye mwamko mkubwa wa kisiasa. Mwaka 2018 huko New York, Alexandria Ocasio-Cortez alimng'oa Joe Crowley, mmoja wa vigogo wa Wademokrat bungeni. Kura zote zilizopigwa hazikufika 30,000, katika jimbo lenye watu wapatao 700,000. Miaka minne kabla yake, Eric Cantor wa Virginia, kiongozi wa Warepublican walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, aliangushwa na mwalimu wa uchumi, Dave Brat, aliyemshambulia kwa kuwa mlegevu kuhusu uhamiaji. Wabunge wanaoanguka hivi ni wachache mno. Lakini mmoja akianguka, mia wanajirekebisha kimya kimya, na hapo ndipo silaha hii inapofanya kazi yake kubwa.

Wanaoitetea wana hoja, na si ya kupuuzwa. Chama kisichosimamia kitu kimoja kinamchanganya mpiga kura. Katikati ya karne iliyopita chama cha Democratic kilikuwa na waliberali wa kaskazini na watetezi wa ubaguzi wa rangi wa kusini chini ya paa moja. Ukikipigia kura, hujui umechagua nini. Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt alijaribu kukisafisha kwa njia hii hii, akawapigia kampeni wapinzani wa maseneta waliokuwa wakimkwamisha, kama Walter George wa Georgia. George alishinda, na karibu wote waliolengwa walirudi bungeni, wakiwa na kinyongo juu yake.

Swali ninaloliona gumu zaidi ni hili: je, kinachoadhibiwa ni itikadi kweli? Liz Cheney, mbunge wa Republican kutoka Wyoming, alikuwa amepiga kura kuunga mkono msimamo wa Donald Trump kwa zaidi ya asilimia 90. Kodi, bunduki, utoaji mimba: kote alikuwa mhafidhina asiye na shaka. Januari 2021 alipiga kura Trump ashtakiwe bungeni baada ya uvamizi wa Capitol, jengo la Bunge, na Agosti 2022 alishindwa mchujo kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 35. Kumwita Cheney mtu wa wastani ni kulipotosha neno. Alichokosa ni utii kwa mtu, na mchujo hauna njia ya kutenganisha utii huo na imani ya chama.

Bei ya usafi nayo hulipwa Novemba. Richard Lugar alikuwa seneta wa Indiana kwa miaka 36, akiheshimika kwa kazi ya kupunguza silaha za nyuklia. Mwaka 2012 Warepublican wenzake walimwacha wakamchukua Richard Mourdock, aliyeonekana mkali zaidi, na kiti kikaenda kwa Mdemokrat.

Chama cha upande wa pili nacho kimeshajifunza kuitumia hesabu hii. Peter Meijer wa Michigan alikuwa miongoni mwa Warepublican 10 wa Baraza la Wawakilishi waliopiga kura ya kumshtaki Trump mwaka 2021. Mwaka uliofuata, kamati ya kampeni ya Wademokrat ililipia tangazo la televisheni lililomnadi mpinzani wake wa mchujo, John Gibbs, kuwa mhafidhina halisi na mtu wa Trump. Kwa nje lilionekana kama shambulio. Gibbs alimshinda Meijer Agosti, na Novemba akashindwa na Hillary Scholten wa Democratic.