Kisu butu ndicho hukata mchunaji
Kila Desemba, mbuzi akichinjwa uani hapa Nairobi, hakosi mjomba wa kusema: "Wapeni vijana kile kisu butu, wasijikate." Mjomba anakosea. Kisu butu hakipiti chini ya ngozi mpaka ukisukume kwa nguvu, na kikiteleza kwenye mafuta, nguvu ile yote huishia kwenye mkono wa pili, ule ulioshika mguu wa mbuzi. Kisu kikali unakiongoza tu. Kinoe kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi, maana manyoya yenye mchanga hula makali upesi.

Wawindaji wa nchi nyingine (kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977) hujikata pia wakati mikono imo ndani ya tumbo la mnyama na ncha haionekani. Hapo wasikate watu wawili kwa pamoja, hata mjomba akiwa na haraka ya mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu).

Ukijikata, achana na majivu. Osha kwa maji na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Damu isipokoma, au kidole kikikataa kukunjika, nenda hospitali, na uulizie sindano ya pepopunda.