Anakufuru, au anakukera tu?

Kufuru ni tamko au tendo la kumvunjia Mungu heshima, au la kukana kile ambacho imani inakishika kuwa kitakatifu. Maana ndiyo hiyo, na sioni haja ya kuirefusha. Katika Uislamu neno lina mlango mpana zaidi, kwa kuwa linaingiza hata kutoamini kwenyewe. Hayo nawaachia mashehe. Mitaani limetanuka mpaka likafika viwanjani: klabu ikimwaga fedha kwenye usajili, magazeti ya michezo yanasema imefanya kufuru, na hakuna muumini anayelalamika. Huko nako sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwa wanaomrukia mchekeshaji anayeigiza nabii. Video zenyewe mnazijua: suti inayometameta, leso ya jasho, chupa ya maji ya dukani iliyobandikwa karatasi mpya na bei mpya, "pokeaaa!", na dada mmoja anadondoka kabla hajaguswa. Ukishuka kwenye maoni: huyu anakufuru, Mungu hadhihakiwi. Jamani, amemkufuru nani? Mungu hayumo kwenye igizo. Aliyemo ni mtu anayeuza maji. Ukisema kumcheka huyo ni kumcheka Mungu, wewe ndiye uliyempandisha muuza maji kwenye kiti kisicho chake.

Hiyo ni kejeli: kukikuza kitendo cha mtu mpaka ubaya au upuuzi wake uonekane kwa macho. Kejeli inalenga mwenendo, kufuru inalenga Mungu na vitakatifu. Halafu kuna la tatu ambalo watu hulisahau, nalo ni dharau, yaani kumcheka mtu kwa vile alivyo, awe amefanya kosa au hajafanya. Haya matatu yanaweza kukaa jukwaa moja usiku mmoja, na ninao mfano unaotuhusu.

Mwaka 2011 ilifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo huko New York, tamthilia ya nyimbo iitwayo The Book of Mormon, jina lililochukuliwa kutoka kitabu kitakatifu cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. (Wengi husema Wamormoni, lakini tangu 2018 kanisa limekuwa likihimiza jina lake litajwe lote, ombi ambalo si kubwa.) Vijana wawili wa Kimarekani, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, wanatumwa kuhubiri. Wanatumwa wapi? Uganda. Tamthilia ikazoa tuzo 9 za Tony, zile kubwa za maigizo ya Broadway.

Kejeli imo, tena ya kiwango. Kwa mfano, hadi mwaka 1978 kanisa hilo lilikuwa haliwapi ukuhani wanaume weusi wenye asili ya Afrika. Tamthilia inamsimamisha mmisionari aimbe kwa uso wa furaha kwamba anaamini mwaka huo Mungu alibadili mawazo kuhusu watu weusi. Ukicheka hapo, unacheka uamuzi wa viongozi, wenye tarehe na wenye madhara kwa watu halisi. Sijui nani angesema hilo lisiguswe.

Kufuru nayo imo. Kuna wimbo ambao wanakijiji wanainua nyuso juu na kumtukana Mungu waziwazi, kwa maneno yanayodaiwa kuwa ya kwao ilhali yametungwa tu. Si Kiganda, si Kiacholi. Hapo neno kufuru linakaa sawasawa. Ila angalia nani anaguswa. Anayetukanwa ni Mungu, kwa hiyo anayeumia ni kila anayemwamini, akiwemo padri wa Kampala ambaye hajawahi kukutana na Mmormoni.

Na dharau? Hiyo ilituangukia sisi. Uganda ya jukwaani ni kijiji cha UKIMWI, mbabe wa kivita na watu wanaomeza hadithi yoyote wanayosimuliwa na mgeni. Mwaka 2020 waigizaji weusi waliokuwa wameshiriki waliandika barua kueleza wasiwasi wao, na kabla ya jukwaa kufunguliwa tena mwaka 2021 baada ya UVIKO-19, sehemu za maandishi zikafanyiwa marekebisho ili Waganda hao wawe na akili zao wenyewe. Ilichukua miaka 10. Muda wote huo mjadala mkubwa ulikuwa kama Wamormoni wamekosewa.

Wenyewe Wamormoni walijibu vipi? Tamko rasmi lilikuwa sentensi moja: tamthilia inaweza kuburudisha watu kwa jioni moja, lakini kitabu chenyewe hubadili maisha. Kisha kanisa likalipia matangazo ndani ya kijitabu kinachogawiwa watazamaji mlangoni: umeona mchezo, sasa soma kitabu. Hakuna aliyeburutwa mahakamani.

Nasikia pia hoja ya upande wa pili: hizi dini za juzijuzi si dini, wacheke tu. Hii nayo haikubaliki. Sheria ya kufuru ya Uingereza ilikuwa na fikra ya namna hiyo. Mpaka ilipofutwa mwaka 2008 ililinda mafundisho ya Kikristo kama yalivyo kwenye Kanisa la Anglikana, na wengine wote walikuwa nje ya uzio. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania Bara zimeshika njia nyingine: zinauliza kama mtu alikusudia kuumiza hisia za kidini za mtu yeyote, bila kujali dini ina umri gani.

Dini changa huchekwa kirahisi kwa sababu mwanzilishi wake bado ana majirani. Joseph Smith, mwanzilishi wa Wamormoni, alichapisha kitabu chao kitakatifu Machi 1830 huko Palmyra, jimbo la New York. Kufikia Juni, Abner Cole, mwenye gazeti mjini hapo, alishaanza kutoa mzaha wa kukiiga, na gazeti lake lilikuwa likichapwa kwenye mtambo uleule uliochapa kitabu. Ni mzaha wa jirani, na kitabu kikaendelea kusomwa. Lakini mwaka 1838 gavana wa Missouri aliamuru Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na mwaka 1844 genge la watu likamuua Smith akiwa gerezani Carthage, Illinois. Kati ya gazeti la Cole na genge la Carthage, mstari ninaoutafuta hauhusu Mungu hata kidogo. Unahusu kama unayemcheka ni kiongozi anayeweza kukujibu, au ni muumini wa kawaida ambaye wenzako tayari wanamtafuta kwa mawe.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoikumbuka tamthilia ile kama "ile ya kuwakufuru Wamormoni", ningependa kuwarekebisha kidogo. Wao walikejeliwa. Aliyekufuriwa ni Mungu, tena kwa wimbo mmoja. Waganda ndio waliodharauliwa.